Mafunzo ya Siku Tatu Mjini Kilalake

Anayetaka kuijua nchi ya Mafungu asiwaulize wenyeji wake habari za mipaka, kwa kuwa kila mmoja ataanza na mpaka ulio baina yake na jirani yake, na jua litazama kabla hajafika kwenye mpaka wa nchi. Ilikuwa nchi yenye rutuba na neema. Mito yake ilikutana na kwenda pamoja kwa amani. Ni watu wake tu waliokuwa wamejifunza kuishi kando kando, na kuiita hali hiyo adabu.

Mji wake mkuu uliitwa Kilalake. Humo zilisimama nyumba tatu za serikali zilizopewa amana moja, nayo ni kumrudisha mtu aliyekosa katika watu wenzake. Nyumba ya Komeo ilimfunga na kumfundisha kazi. Nyumba ya Jicho ilimwangalia baada ya kufunguliwa, isije miguu yake ikamrudisha alikotoka. Na Nyumba ya Rehema ililea watoto wake na kuwatunza jamaa zake muda wote asipokuwapo. Amana ilikuwa moja, lakini waliopewa waliigawa kama ng'ombe wa sadaka, na kila mmoja akaondoka na paja lake akidhani amemchukua ng'ombe mzima. Watumishi wa Komeo walivaa nguo nyeusi na kupita Njia ya Chuma. Wa Jicho walivaa nyeupe na kupita Njia ya Kioo. Wa Rehema walivaa samawati na kupita Njia ya Pamba. Ndoa baina ya nyumba hizo haikukatazwa na sheria, ila wazee hawakuhudhuria arusi zake. Hata jina la mtu lilikuwa na mipaka: Komeo ilimwita kwa hesabu, Jicho ilimwita Mwangaliwa, na Rehema haikumwita kabisa, bali iliwaita aliowaacha nyuma Wahitaji. Mtu mmoja aliweza kuandikwa katika madaftari matatu, na hakuna kiumbe katika Kilalake ambaye angejua kuwa ni mmoja.

Katika Nyumba ya Jicho alikuwako mtumishi aliyeitwa Hatulii binti Harakati. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alimpiga mateke miezi yote tisa, na umri wa miaka thelathini na mitano haukumpunguzia kitu. Alimaliza jozi nne za viatu kwa mwaka. Alipoketi goti lake lilitikisika, na alipolala mawazo yake yalitembea. Wenzake walimcheka kwa upole, wakisema kuwa Jicho limepata kope isiyofumba. Lakini wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Katika kila watu kumi aliowaangalia, sita walirudi Komeo kabla ya mwaka kwisha, na katika nyumba zote tatu hapakuwa na mtu aliyeuliza kwa nini, maana kila nyumba iliamini kuwa jibu lilikuwa katika nyumba nyingine.

Ikatokea kwamba wajumbe wa nchi ya Ughaibuni walimtembelea Waziri Fahari, mkuu wa nyumba zote tatu, wakamwuliza kama watumishi wake hufanya kazi pamoja. Waziri alijibu kuwa ndiyo, kisha akaamuru jibu lake liwe kweli kwa muda wa siku tatu. Mbiu ikapigwa kuwa watumishi wote wa Komeo, Jicho na Rehema wahudhurie mafunzo ya pamoja katika Ukumbi wa Marumaru tangu Jumanne hata Alhamisi, na atakayekosa asihesabiwe kuwa mtumishi. Komeo iliachiwa walinzi wachache wa zamu. Nyumba mbili nyingine zilitiwa kufuli, na juu ya kila mlango kikabandikwa kibao kilichosema: Tumekwenda kujifunza namna ya kukusaidia. Rudi Ijumaa.

Mkufunzi alikuwa Mwalimu Nadharia bin Maneno, aliyeandika vitabu saba juu ya kifungo na hajapata kuisikia harufu ya gereza. Siku ya kwanza aliitumia katika kueleza maana ya neno ushirikiano. Alilichambua neno hilo mzizi na tawi mpaka adhuhuri, na baada ya adhuhuri akayajibu maswali aliyokuwa amejiuliza mwenyewe. Nyeusi waliketi upande wa mashariki, nyeupe magharibi na samawati kusini. Upande wa kaskazini waliachiwa wajumbe wa Ughaibuni, ambao walitikisa vichwa kwa kuridhika. Chakula kilipoletwa, kililetwa katika sinia tatu. Hatulii alisimama mara nne kutafuta maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Siku ya pili Mwalimu Nadharia alitaka kila nyumba itoe mfano wa mtu mmoja iliyemhudumia vema. Upande wa weusi akasimama Bwana Thabiti, mkuu wa karakana ya Komeo, mtu mpana wa mabega na mfupi wa usemi, aliyeheshimiwa kwa kuwa hakuwahi kumpiga mfungwa wala kumpa mkono. Alisimulia habari za Hamsini na Tatu, aliyefungwa miaka mitano kwa kuichoma moto ghala ya jirani yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliingia hajui kushika nyundo, akatoka fundi seremala ambaye kiti chake hakilii mtu anapokikalia. Asubuhi ile ile, kabla ya kuja ukumbini, Thabiti alikuwa amemfungulia lango kwa mkono wake na kumpa mfuko wenye msumeno, randa na patasi mbili, zawadi ya karakana. Watu wakapiga makofi.

Upande wa samawati akasimama Bi Shufaka, mlezi mkuu wa Rehema, mwanamke mwenye sauti laini na macho yaliyochoka. Alieleza habari za binti wa miaka saba aitwaye Tunu, ambaye mama yake alifariki na baba yake hajulikani alipo. Alitafutiwa walezi wema ng'ambo ya mto Msahau, na wachukuzi wangekuja kumtwaa siku ile ile baada ya alasiri, kwa ufunguo waliopewa, ili safari isicheleweshwe na mafunzo. Ilivyo sheria, ndugu yeyote angeweza kulizuia jambo hilo kwa kuandika jina lake katika daftari kabla ya saa hiyo. Lakini kwa miaka mitano hapakuja ndugu wala salamu. Watu wakapiga makofi tena, na mjumbe mmoja wa Ughaibuni akapangusa jicho.

Hatulii hakupiga makofi. Alikuwa amesimama bila kujua kuwa amesimama. Katika daftari lake la wiki ile palikuwa na Mwangaliwa mmoja atakayetoka Komeo Jumatano, aliyetakiwa kuripoti Jicho kabla ya magharibi, na ambaye kwa sharti alilolipitisha yeye mwenyewe kwa kalamu yake hakuruhusiwa kuchukua kitu chochote chenye makali. Aliomba ruhusa ya kuuliza swali.

"Bwana Thabiti," alisema, "huyo Hamsini na Tatu jina lake nani?"

Thabiti alikunja uso. Alisema kuwa katika Komeo majina hayatumiki. Huachwa langoni pamoja na mikanda. Alichojua ni kuwa mtu huyo alizaliwa kitongoji cha Udongo Mwekundu, na kuwa kila mwezi alichonga ndege wa mti na kumpelekea mtoto wake pamoja na barua. Hakupata jibu hata mara moja, wala hakuacha kuchonga.

Uso wa Bi Shufaka ulibadilika rangi. Akasema polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani, kuwa Tunu naye alitoka Udongo Mwekundu. Tena Rehema ilikuwa na kasha zima la ndege wa mti, waliokuja na barua zilizotiwa sahihi ya hesabu badala ya jina. Kanuni yao ilisema kuwa ndugu ni mtu mwenye jina. Barua isiyo na jina haina ndugu, na kitu kilichokuja nayo huwekwa ghalani.

"Waangaliwa wangu wana majina," Hatulii akasema. "Wa leo anaitwa Majuto bin Tamaa, wa Udongo Mwekundu. Binti ana jina gani la baba?"

"Majuto," alijibu Bi Shufaka.

Hatulii aliuliza swali jingine, na hili aliwauliza watu wote mia tatu waliokuwamo: nani aliyebaki milangoni mwa nyumba zetu? Kila mmoja alitazama upande wa nguo zisizo zake.

Mwalimu Nadharia aligonga meza kwa adabu. Alisema kuwa mfano huo ulikuwa na manufaa makubwa na ungejadiliwa siku ya tatu, katika sura ya vikwazo. Na kuwa atakayetoka kabla ya kipindi kwisha hatapata hati ya kuhitimu. Waziri Fahari, aliyeketi karibu na wajumbe, alimtazama Hatulii kwa jicho ambalo lilikuwa amri. Hatulii alikwisha fika mlangoni. Bi Shufaka alimfuata huku akilia bila sauti. Thabiti alibaki ameketi kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi ishirini, mikono juu ya magoti, kisha akainuka kama mtu anayeinua mzigo, akatoka nyuma yao.

Nje walipata msiba wa kuchekesha. Barabara tatu zilianzia pale ukumbini na kila moja ilikwenda njia yake, na hapakuwa na hata mmoja miongoni mwao aliyepata kukanyaga ya mwenziwe. Thabiti, aliyetumikia miaka ishirini na miwili, hakujua Nyumba ya Rehema ilipo. Wakashika Njia ya Pamba wote watatu, nyeusi na nyeupe na samawati, na watu wakatoka madukani kuwatazama kama watazamao kupatwa kwa jua. Hatulii alitangulia nusu mbio. Miaka yote alikuwa amekwenda bila kujua aendako. Leo alijua, na kujua huko kulimtia hofu kuliko kutojua.

Sasa na tumwangalie Majuto, ambaye siku yake ilianza kwa furaha. Alitoka langoni na mfuko begani akaenda moja kwa moja Nyumba ya Jicho, maana alitaka kutimiza sharti la mwisho kabla ya yote, asidaiwe na mtu. Akakuta kufuli na kibao. Alisoma kibao mara tatu, akangoja mpaka kivuli chake kikaingia chini ya miguu. Kisha akaenda Rehema akakuta kufuli na kibao kile kile. Aligonga. Dirisha la juu likafunguliwa na mpishi, Bi Upweke, mwanamke wa makamo aliyefungiwa ndani na watoto kumi na wanne, akamwambia kuwa wakubwa wamekwenda kujifunza. Majuto alimtaja mtoto wake. Bi Upweke, kwa kuwa hakuwa mtumishi wa sheria bali wa jiko, akamwambia kweli yote: habari ya wachukuzi, habari ya alasiri, na habari ya daftari lililokuwa wazi juu ya meza, hatua sita kutoka mlangoni.

Majuto aliketi kizingitini. Baadaye alisema kuwa pale alipigana vita ambavyo hakuvipigana miaka mitano yote. Mkono ulioichoma ghala ulikuwa ule ule ulioshika patasi, naye aliuogopa kama mtu aogopavyo mbwa aliyepata kumwuma. Jua likavuka utosi. Hatimaye alifungua mfuko. Hakuvunja mbao wala hakugusa kufuli. Aling'oa misumari ya bawaba, mmoja baada ya mmoja, akauinua mlango na kuulaza ukutani taratibu kama mgonjwa. Akaingia, akaandika jina lake lote katika daftari, mahali pa ndugu, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika upesi. Kisha akatoka nje akaurudisha mlango mahali pake.

Mtoto Tunu aliyaona hayo yote akiwa nyuma ya sketi ya mpishi. Hakumjua. Alipoulizwa kama anataka kumwamkia, alitikisa kichwa kukataa, na Majuto akasema kuwa si neno.

Wachukuzi walipofika, walimkuta mtu mwenye patasi mlangoni pa nyumba ya watoto, wakaita askari wa mji. Hatulii na wenziwe walipotokea kwenye kona, mikono ya Majuto ilikuwa imekwisha fungwa. Bi Shufaka alikwenda kwenye daftari, akasoma, akawaambia wachukuzi kuwa binti ana baba na safari imekufa. Thabiti aliwaambia askari kuwa zana zile alizitoa yeye. Hatulii alitazama jua, lililokuwa juu bado, akasema kuwa Mwangaliwa ameripoti kwa wakati, kwa kuwa yeye ndiye Jicho na hapo ndipo alipo. Askari waliwasikiliza kwa heshima. Lakini mlango wa serikali uling'olewa, na makali yalichukuliwa, wakasema, na mambo hayo yalikuwa ya Kadhi.

Kesi ilisikilizwa Jumamosi mbele ya Kadhi Insafu, mzee mkavu aliyesikia vema kwa sikio moja tu na ambaye, kwa sababu hiyo, aliwalazimisha watu wote kusema waziwazi. Waziri Fahari alishtaki mwenyewe, kwa kuwa wajumbe wa Ughaibuni walikuwa wameondoka siku moja kabla ya kwisha kwa mafunzo, nayo aibu hutafuta mtu wa kuibeba. Alitaka mshtakiwa arudishwe Komeo kwa miaka mingine mitano, akitaja sheria tatu za nyumba tatu, moja baada ya moja, na hapana aliyeweza kumkosoa katika kuzisoma.

Kadhi akamwuliza Majuto kama ni kweli aliuvunja mlango.

"Niliung'oa, Kadhi, sikuuvunja," Majuto alijibu. "Nilipomaliza haja yangu niliurudisha, na bawaba ya chini iliyolegea nikaikaza."

"Kibao kilikuambia urudi Ijumaa. Kwa nini hukungoja?"

"Ijumaa ningepewa ruhusa ya kuingia, Kadhi, nimkute mpishi na daftari bila mtoto wangu."

Hatulii aliitwa kuwa shahidi wa mashtaka, kama ilivyo desturi ya mtumishi wa Jicho. Alisimama kizimbani. Alianza kwa sauti ndogo. Alisema kuwa sharti la makali lilikuwa lake, na kuwa hakuuliza mtu huyo anafundishwa kazi gani, kwa kuwa kuuliza kungemlazimu kukanyaga Njia ya Chuma. Komeo ilimpa patasi kwa wema, Jicho ikamkataza patasi kwa hadhari, na Rehema ikamgawa mtoto wake kwa huruma. Kisha akamgeukia Waziri.

"Mheshimiwa Waziri ametafuta aliyevunja sheria katika nyumba zetu tatu na hakumpata," alisema. "Mimi pia nimemtafuta siku tatu bila kulala. Hapana hata mmoja wetu aliyeivunja, na ndiyo maana mtu huyu amesimama hapa."

Baada yake Bwana Thabiti aliomba kusema, jambo ambalo halikuwa katika orodha. Alimtazama Majuto, akamwita kwa jina lake na la baba yake mbele ya watu wote, akaketi. Hakuwa na zaidi. Waliokuwapo husimulia kuwa mshtakiwa, aliyekuwa mkavu wa macho tangu asubuhi, ndipo alipoinama.

Kadhi Insafu alihukumu kabla ya adhuhuri. Kwa makali, Majuto hakuwa na hatia, kwa sababu hakuna awezaye kupewa kitu kwa mkono mmoja wa serikali na kuadhibiwa na mkono wa pili. Kwa kuripoti, aliripoti. Kwa mlango, alikuwa na hatia, na adhabu yake ilikuwa kuja kila siku kwa muda wa miezi mitatu kutengeneza milango, vitanda na madirisha ya Nyumba ya Rehema. Waziri alitabasamu kwa adhabu hiyo. Bi Shufaka, aliyeielewa zaidi, alifunika uso. Mtoto hakuwa tayari kwenda kwa mtu asiyemjua, na sasa baba alikuwa na amri ya mahakama ya kuwa karibu naye kila siku.

Nyumba tatu nazo zilihukumiwa. Kadhi aliamuru mtu aandikwe katika daftari moja kwa jina lake. Kila afunguliwaye apokewe langoni na watumishi watatu, nyeusi, nyeupe na samawati, na wafike naye kwake kwa miguu. Na mtumishi yeyote, awe mpya au mkongwe, akae mwezi katika kila nyumba isiyo yake, ndipo ahesabiwe kuwa amefunzwa. Hati za kuhitimu za Mwalimu Nadharia, ambazo zilikuwa zimekwisha pigwa muhuri, zilipelekwa karakana kufungia misumari.

Mabadiliko hayakuwa asali. Wako waliolalamika kuwa heshima ya nguo imekufa, na wako waliotembea na mfunguliwa hadi kona ya kwanza wakarudi. Bi Shufaka alitoka katika mwezi wake wa Komeo akaagiza kasha la ndege wa mti litolewe ghalani. Bwana Thabiti alihitaji wiki nzima kujifunza kumlisha mtoto uji bila kumwamuru. Mwaka ulipokwisha, katika kila kumi waliofunguliwa walirudi watatu badala ya sita. Watu walimpongeza Hatulii, naye akawauliza habari za wale watatu.

Tunu alimwita baba yake "fundi" kwa miezi miwili na nusu. Alimshikia misumari, alimsahihisha alipokosea majina ya watoto, na siku moja, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kulala kwake akarudi asubuhi. Baadaye akaacha kurudi. Hatulii alipangiwa kuwatembelea kila Jumatano.

Jumatano moja alipofika, mkono wake ulikuwa umeinuliwa kubisha hodi aliposikia kelele ndani. Tunu alikuwa analia kwa hasira, kwa sauti ya mtoto asiyeogopa kufukuzwa. "Baba, uliniahidi dirisha, na hili ni tundu!" Sauti ya Majuto ikajibu kwa uvumilivu kuwa dirisha huanza kuwa tundu, na kuwa mwenye haraka ashike randa. Kisha pakasikika mlio wa randa juu ya mbao, unaokwenda kombo, na maelezo ya chini chini.

Hatulii alisimama pale kwa muda, akaushusha mkono. Alitoa daftari akaandika chini ya tarehe ya siku ile: Wamegombana. Hawakunihitaji. Kisha akashika njia upesi, maana alikuwa na wengine tisa.